Sura ya Sita: Panya na Deni la Damu

Watoto wengi waliomjua Splinter kupitia televisheni hawajui kwamba alianza kazi ya ualimu kwa kuwatuma wanafunzi wake wakaue mtu. Wanamkumbuka mzee panya aliyevaa joho, fimbo mkononi, akiwakanya kobe wanne waache mzaha na piza wakafanye mazoezi. Huyo ni Splinter wa katuni za televisheni. Splinter wa kwanza, yule wa jarida la Mei 1984, alikuwa kiumbe mwingine. Alikaa gizani chini ya jiji la New York kwa miaka 13 akiwafundisha vijana wanne kutumia upanga, sai, rungu refu na nunchaku. Siku alipoona mikono yao imekomaa aliwakalisha chini, akawasimulia jinsi bwana wake alivyouawa, kisha akawatajia jina la muuaji na kuwaambia la kufanya. Wakaenda. Kabla jarida halijafika ukurasa wa mwisho, mtu huyo alikuwa amekufa.

Nimeianza sura hii hapo kwa makusudi. Wazee wenye hekima katika hadithi za mapigano huandikwa kwa heshima iliyopita kiasi. Husifiwa misemo yao, ndevu zao, utulivu wao wa kukunja miguu na kufumba macho. Mimi nina swali moja tu kwa kila mmoja wao: mzee huyu anataka nini kwa mtoto anayemfundisha? Hakuna anayetoa miaka 13 ya maisha yake bila kutarajia kitu. Kwa Splinter jibu la kwanza lilikuwa wazi, na waandishi, wachoraji, watengenezaji wa filamu na hata wauza vinyago wametumia miaka 40 kulibadilisha.

Dover ni mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Novemba 1983 walikuwa wakiishi huko wachoraji wawili wasio na kazi ya maana, Kevin Eastman, aliyekuwa na miaka 21, na Peter Laird, miaka 29. Usiku mmoja Eastman alitaka kumchekesha mwenzake. Akachora kobe amesimama kwa miguu miwili, amejifunga kitambaa usoni, na mikononi ana nunchaku. Laird akachora wake, nadhifu zaidi. Eastman akaongeza mpaka wakawa wanne, kila mmoja na silaha yake, na Laird akarefusha jina mpaka likawa lile refu la ajabu ambalo dunia nzima inalijua, Teenage Mutant Ninja Turtles, kwa kifupi TMNT. Kwa fedha walizorudishiwa na mamlaka ya kodi pamoja na mkopo wa ndugu mmoja wa Eastman, walichapa nakala takriban 3,000 za jarida la rangi nyeusi na nyeupe, maana rangi ni gharama. Kampuni yao, Mirage Studios, haikuwa na studio yoyote. Ilikuwa sebule.

Walichokuwa wakikidhihaki, na kukipenda pia, ni majarida yaliyotamba wakati ule, hasa Daredevil wa kampuni ya Marvel aliyekuwa mikononi mwa Frank Miller. Daredevil alipofuka utotoni kwa sababu ya kemikali ya mionzi iliyodondoka kwenye lori wakati akimwokoa mzee barabarani. Katika jarida la Eastman na Laird ajali hiyohiyo inatokea tena, ila safari hii tunafuata lile kopo. Linaruka, linagonga bakuli la kioo lenye vikobe wanne, na vyote vinatumbukia kwenye mfereji wa majitaka. Marvel wana genge la ninja liitwalo Mkono. Vijana wa Dover wakabuni lao, Mguu. Miller mwaka 1981 alikuwa amemleta mwalimu wa Daredevil, mzee kipofu mkali anayecheza puli bila kuona, akamwita Stick, yaani fimbo. Wao wakamwita mwalimu wao Splinter, kibanzi.

Mzaha huo una jambo zito ndani yake. Stick hakumfundisha Matt Murdock, yaani Daredevil, kwa kumwonea huruma mtoto kipofu. Alikuwa na vita vya zamani na Mkono, na vita vinataka askari. Katika tamthilia ya televisheni ya 2015 wameliweka jambo hili peupe: Matt akiwa mtoto anamtengenezea mwalimu wake bangili kwa karatasi iliyofunga aiskrimu, na mzee, akiona sasa mtoto anataka baba, anaichukua zawadi na kuondoka zake. Eastman na Laird, hata kama walikuwa wanatania, walirithi kutoka kwa Stick mwalimu mwenye vita vyake.

Vita vya Splinter ni hivi. Huko Japani aliishi ninja wa ukoo wa Mguu aitwaye Hamato Yoshi. Alifuga panya. Panya huyo, akiwa ndani ya kizimba, alikuwa akimtazama bwana wake anavyofanya mazoezi na kuiga kila hatua. (Msomaji wa Morogoro, aliyewazoea panya buku wa APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, pengine hataona ajabu sana.) Yoshi alimpenda Tang Shen. Mwenzake wa ukoo, Oroku Nagi, naye alimpenda, na alipokataliwa akampiga yule binti. Yoshi aliwakuta, hasira ikampanda, akamuua Nagi kwa mikono yake. Kwa desturi ya ukoo ilimbidi ajiue au akimbie na aibu yake. Akakimbilia New York na mpenzi wake na panya wake.

Nagi alikuwa na mdogo wake, Oroku Saki, mtoto wa miaka 7. Ukoo wa Mguu ukamchukua, ukamlea, ukamfundisha kuua, na kila siku ukamkumbusha kaka yake. Alipofika miaka 18 akapelekwa New York kuongoza tawi la huko. Akamtafuta Yoshi, akamuua, akamuua na Shen. Kizimba kikavunjika na panya akakimbilia chini ya barabara, ambako baadaye alikutana na vikobe wanne wakitambaa katika ute wa kemikali iliyowageuza wote kuwa nusu watu. Saki akawa Shredder, mwenye kofia ya chuma na visu mikononi.

Weka sasa malezi mawili bega kwa bega. Ukoo wa Mguu ulimchukua mtoto asiyekuwa na mtu, ukampa silaha na jina la adui. Splinter aliwachukua watoto wasiokuwa na mtu, akawapa silaha na jina la adui. Saki alikuwa analipa damu ya kaka aliyemjua. Raphael, Leonardo, Donatello na Michelangelo walitumwa kulipa damu ya mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na ambaye kwa hesabu za haki alikuwa ameanza yeye kuua. Kwenye dari ya jengo, Shredder anapokuwa ameshachomwa upanga, Leonardo anampa nafasi ya kujiua kwa heshima. Anaikataa, anatoa bomu ili afe nao, na rungu la Donatello linamrusha chini. Vijana wanarudi nyumbani. Deni limelipwa. Hakuna hata mmoja aliyewauliza kama walikuwa wanautaka ugomvi ule.

Sisemi kwamba Splinter wa 1984 hana upendo. Aliwapa majina aliyoyatoa kwenye kitabu cha sanaa ya Italia alichookota mferejini, na mtu hawapi vyombo vyake vya kazi majina ya wasanii wakubwa. Lakini upendo ule na kisasi kile vimekaa katika moyo mmoja bila kugombana, na waandishi hawaoni tatizo. Hilo ndilo linalolifanya jarida lile, kwa maoni yangu, liwe kali na la kutisha kuliko karibu kila kilichofuata.

Kilichofuata kwanza ni vinyago. Mwishoni mwa 1987 ilianza katuni ya televisheni, iliyotengenezwa ili kuvifungulia njia vinyago vya kampuni ya Playmates, na mtengeneza vinyago hataki panya anayeagiza mauaji. Ikabidi historia ifuliwe. Katika katuni hiyo Splinter si panya wa Yoshi tena. Ni Yoshi mwenyewe. Hakuna aliyeuawa Japani. Saki alimchezea mchezo mchafu tu: alimpigilia joho lake ukutani kwa kisu ili ashindwe kumwinamia mkuu wao, na Yoshi alipokichomoa kisu ikaonekana anataka kumshambulia mkuu. Akafukuzwa, akaja kuishi na panya kwenye majitaka ya New York, na kemikali ilipomwagika ikamfanya panya. Shredder akawa mtu wa kuchekesha anayeshindwa kila wiki. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, hapakuwa na deni. Splinter akabaki mzee mpole wa kutoa nasaha, na Peter Renaday aliyempa sauti akafanya kazi nzuri ya kumpa utu. Katuni ile ilidumu mpaka 1996 na ndiyo iliyoisambaza dunia nzima sura ya panya mwenye joho. Mimi naiona kama chai isiyo na majani. Mwalimu asiyehitaji chochote kwa wanafunzi wake hana cha kupoteza, na hadithi yake haina pa kwenda.

Ndiyo maana filamu ya 1990 inastahili kukaa nayo kwa muda.

Iliongozwa na Steve Barron na kutengenezwa na Golden Harvest, kampuni ya Hong Kong iliyowahi kumtoa Bruce Lee. Gharama yake haikufika dola milioni 15, na ikakusanya zaidi ya dola milioni 200. Viumbe vyake vilitoka kwenye karakana ya Jim Henson. Aliyemwendesha Splinter na kumpa sauti ni Kevin Clash, mtu yuleyule aliyekuwa ndani ya Elmo, kile kikaragosi chekundu cha watoto wadogo. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kubeba mkononi mtoto wa miaka mitatu na mzee wa karne, na wote wawili wakaaminika.

Filamu inarudisha mauaji. Yoshi na Shen wanauawa na Saki, na panya anashuhudia. Lakini angalia kilichofanyika kwa Yoshi: mikono yake imeoshwa. Hakumuua mtu. Ugomvi wa kumgombania Shen ulipokaribia kuwa wa damu, alimsikiliza mpenzi wake akachagua kuhama nchi. Kwa hiyo urithi anaomwachia panya wake si jeuri ya ukoo, ni uamuzi wa kuondoka. Panya alimrukia Saki akamparura uso, Saki akamkata sikio, na hapo kisasi kingeweza kuanza upya. Hakianzi. Splinter wa filamu hii hamtumi mtu popote. Anawafundisha vijana kujificha na kujilinda, na hadithi inapochacha yeye ndiye anayetekwa.

Kisha wanaleta hoja ambayo jarida la 1984 liliificha. Shredder katika filamu hii ni mlezi. Ana ghala zima la vijana waliotoroka makwao, amewawekea michezo ya video, sigara, na kila kitu ambacho baba zao waliwakataza, na anawaita familia yake. Anawafundisha kupigana, kisha anawatuma waibe. Kijana mmoja, Danny, anakwenda kwa siri kumtazama panya aliyefungwa minyororo ukutani, na mazungumzo yao ndiyo kiini cha filamu. Panya anamweleza mtoto huyo wa watu kuhusu baba na mwana, bila kumwomba amfungulie. Hakuna ngumi hata moja katika mazungumzo hayo, na mimi ningetoa mapigano yote ya filamu nibaki nayo.

Mwishoni panya na adui yake wanakutana juu ya dari, kama mwaka 1984, ila sasa mzee amekwenda mwenyewe. Shredder anamkimbilia na mkuki, Splinter anamdaka kwa nunchaku, na Shredder ananing'inia hewani. Angeweza kumwachia aanguke. Anamshikilia. Shredder akiwa ananing'inia anamrushia kisu, Splinter anainua mkono kukidaka, na kwa kukidaka anaiachia nunchaku. Adui ameangushwa na jaribio lake mwenyewe la kuua. Ujanja wa mwandishi unaonekana, nakubali. Mzee hana damu mikononi na hadhira imepata anguko lake. Lakini ni ujanja unaojua unakwepa nini.

Niruhusu niondoke kidogo kwa Splinter, kwa sababu mwaka ule wa 1984 hakuwa peke yake. Mwezi mmoja baada ya jarida la Dover kutoka, majumba ya sinema ya Marekani yalimpokea Bwana Miyagi, mwalimu mzee wa filamu ya The Karate Kid. Na mwezi Novemba, huko Tokyo, jarida la Shonen Jump lilianza kuchapa Dragon Ball ya Akira Toriyama, ambayo muda si mrefu ilimleta Kame Sennin, mzee kipara mwenye miwani ya jua na gamba la kobe mgongoni.

Kame Sennin ni mzee mtovu wa haya, na vichekesho vyake kuhusu wanawake vimezeeka vibaya. Kama mwalimu, hata hivyo, ana jambo ambalo Splinter wa kwanza hakuwa nalo. Goku na Krillin walipokuja kwake wakitarajia kufundishwa mapigo ya siri, aliwapa kazi ya kusambaza maziwa alfajiri kwa miguu na kulima mashamba kwa mikono mitupu, huku wamebeba magamba ya kilo 20 migongoni. Mapigo hakuwafundisha. Baada ya miezi kadhaa aliwapeleka kwenye mashindano makubwa, kisha yeye mwenyewe akajibadilisha, akavaa nywele za bandia, akaingia kwa jina la Jackie Chun, na akawashinda wote wawili. Alitaka wasije wakadhani wamefika. Hawatumi wakamuue adui, wala wakamlipie bwana. Anachokitaka kwa wanafunzi ni kwamba waendelee kuwa wanafunzi.

Jina Jackie Chun halikuokotwa. Toriyama aliwahi kueleza jinsi filamu ya Drunken Master ya 1978 ilivyomvutia. Ndani yake Jackie Chan kijana anakabidhiwa kwa Ombaomba So, mzee mlevi mwenye pua nyekundu, aliyeigizwa na Yuen Siu-tien, baba wa mwongozaji wa filamu hiyo. Wasomaji waliokulia karibu na vibanda vya video wanamjua mzee wa aina hiyo hata kama majina haya ya Hong Kong hayawaambii kitu: huyo anayemtesa steringi kwa ndoo za maji na kuning'inizwa kichwa chini, huku msimuliaji wa Kiswahili, awe marehemu Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Nairobi, akiongeza maneno ambayo Mchina hakuyasema. Watu walimcheka na kumpenda, na walijua kwamba bila mateso yake steringi angepigwa.

Mzee mwingine nisiyeweza kumruka ni Iroh wa katuni ya Avatar, iliyoonyeshwa kuanzia 2005. Ni jenerali aliyewahi kuuzingira mji wa Ba Sing Se kwa siku 600, akampoteza mwanawe wa pekee katika vita hivyo, akaondoa jeshi. Mpwa wake Zuko, mtoto wa mfalme aliyefukuzwa, anataka vita na heshima. Iroh anampa chai na subira. Zuko anamsaliti, mzee anafungwa jela, na kijana anaporudi kuomba msamaha mzee anamkumbatia kabla hajamaliza sentensi. Ninayemtaja hapa ni mwalimu aliyekwisha kulipa gharama ya vita vyake kwa mtoto wake mwenyewe, na ambaye kwa hiyo hataki tena kumtumia mtoto wa mtu. Aliyempa Iroh sauti ni Mako, mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji wa Japani uitwao Kobe, ndiyo, Kobe. Alifariki Julai 2006, na filamu ya katuni ya TMNT iliyotoka Machi 2007 ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Alimwigiza Splinter. Ukiwasikiliza wawili hao mfululizo utasikia jinsi Iroh alivyomwingia panya.

Mwaka 2009 Eastman alikuwa ameshatoka zamani kwenye biashara hiyo, na Laird naye akaiuza kwa wamiliki wa Nickelodeon kwa dola milioni 60. Katuni yao ya 2012 ndiyo iliyolirudia swali la malezi kwa ukali zaidi baada ya filamu ya 1990. Splinter ni Yoshi tena, na Hoon Lee anampa sauti nzito ya mtu anayejizuia. Alikuwa na mke na mtoto wa kike, Miwa. Mke alikufa katika ugomvi wake na Saki, nyumba ikateketea, na mtoto akadhaniwa amekufa pia. Kumbe Saki alimchukua, akamwita Karai, akamlea kama wake, na kumwaminisha kwamba aliyemuua mama yake ni Yoshi. Msichana anakua akiwa na upanga mkononi na kisasi moyoni, na mtu anayetafuta kumuua ni baba yake mzazi. Hapa kioo cha mwaka 1984 kimegeuzwa kikamwelekea mwalimu. Yale aliyowafanyia wanafunzi wake katika jarida la kwanza, sasa anafanyiwa yeye, kupitia mwanawe wa damu.

Majarida nayo hayakumwacha salama. Katika mfululizo ulioanza 2011 kwenye kampuni ya IDW, ambao Eastman mwenyewe alirudi kushiriki, Splinter anamuua Shredder katika toleo la 50 na kisha anakalia kiti chake: panya anakuwa mkuu wa ukoo wa Mguu. Wanawe wakaja kujitenga naye kwa sababu ya jinsi alivyouongoza. Anakufa katika toleo la 100, mwaka 2019. Ni hatima kali kwa mzee wa katuni, na inanikumbusha kwamba Eastman hakusahau alianzia wapi.

Filamu ya 2014 tuipite haraka. Humo Splinter ni panya wa maabara aliyejifunza ninjutsu kwenye kitabu alichokiokota mferejini. Hakuna Yoshi, hakuna Japani, hakuna mtu aliyemfundisha. Katuni ya 2018 ilikuwa na akili zaidi, pamoja na kelele zake zote: Splinter ni nyota wa zamani wa sinema za mapigano aliyenenepa, anayeshinda kwenye kiti akitazama televisheni na kukwepa kazi ya kufundisha. Mashabiki wengi walikasirika. Mimi nilicheka, maana kila mtaa una mzee wa namna hiyo, aliyekuwa bondia au mcheza mpira, na hamwambii mtu alichokiona.

Kisha ikaja filamu ya 2023, iliyoongozwa na Jeff Rowe, na Splinter akapewa sauti ya Jackie Chan. Kijana aliyeteswa na Ombaomba So sasa ndiye mzee. Ingekuwa rahisi kuishia kwenye utamu wa jambo hilo, lakini waandishi walifanya kubwa zaidi: walilifuta deni lote. Splinter huyu ni panya wa kawaida wa New York, mpweke, aliyewakuta vikobe wanne kwenye ute na kuwabeba. Aliwahi kuwapandisha juu wakiwa wadogo ili waone dunia, watu wakapiga mayowe na kuwashambulia. Akarudi chini, akakusanya mikanda ya sinema za kung fu, akajifunza kwa kutazama, akawafundisha wanawe ili binadamu wasije wakawaua. Yoshi hayumo. Hakuna damu ya kulipwa.

Badala yake kuna woga. Anachokitaka kwa wanawe ni kwamba wasiende mbali, wasionekane, wasimwamini mtu. Wao wanataka kusoma sekondari, kwenda sinema, kuwa na marafiki. Mzazi yeyote aliyewahi kumkatalia mtoto ruhusa ya kutoka usiku atamwelewa panya huyu haraka kuliko atakavyomwelewa mlipa kisasi wa 1984. Na hapa hadithi inasema waziwazi kwamba mwalimu amekosea na wanafunzi ndio walioona sawa. Analiona hilo mwenyewe, kwa kuchelewa, binadamu wa New York walewale aliowaogopa wanapojitokeza kuwasaidia wanawe.

Ukiniuliza Splinter yupi aliye bora, nitasema wa 1990, kwa ajili ya yale mazungumzo na Danny na ule mkono uliosita juu ya dari. Wa 2023 ana moyo mweupe zaidi, lakini hakuwahi kuwa na sababu ya kuua mtu, na kwa hiyo upole wake haujapimwa. Wa 1987 ni wa kuuza vinyago. Wa 1984 ndiye wa kweli kuliko wote, na ndiye nisingemkabidhi mtoto wangu.

Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto wake aanze na filamu ya 2023, kisha ile ya 1990 wakishafika miaka 10 hivi. Jarida la kwanza bado linapatikana, limechapwa upya mara nyingi na hata kutiwa rangi, na linasomeka kwa kikao kimoja. Soma wewe kwanza.